Televisheni ya Kiti cha Mlangoni

Watoto wengine wa mtaa ule walirudi kutoka shule na kuingia nyumbani kwa mlango wa uani. Kitinda alipitia mbele, kwenye chumba cha cherehani, kwa sababu kazi ilikuwa ikimsubiri huko. Aliweka mkoba chini ya meza ya kukatia, akavua viatu, akachukua sumaku iliyofungwa kwenye kamba na kuipitisha sakafuni kuokota pini. Kisha akafagia vipande vya nyuzi na kupanga vifungo kwa rangi katika mikebe yake. Aliitwa Kitinda kwa kuwa ndiye kitindamimba wa nyumba hiyo. Alikuwa na miaka kumi na miwili tu, lakini wateja walimwita msaidizi wa fundi, naye hakuwakatalia.

Baba yake alikuwa fundi mwenye jina mjini, na jina hilo alilipata kwa ukaidi. Hakuna nguo iliyotoka mikononi mwake bila kujaribiwa, na kujaribu kwake hakukuwa kule kwa kusimama mbele ya kioo na kutabasamu. Mteja alitakiwa kukaa kwenye kigoda, kuchuchumaa, kisha kunyoosha mikono juu kama anayefuta utando wa buibui darini. Wakubwa wenye vitambi walinung'unika, lakini walichuchumaa.

"Nguo inayopendeza ukisimama tu ni ya ile sanamu ya dirishani," Baba aliwaambia. "Ile haina safari. Wewe unayo."

Mwaka ule nyumba hiyo ilikuwa na jambo kubwa kuliko nguo. Dada, mtoto wa kwanza, alikuwa amechaguliwa kukimbia kwa niaba ya taifa katika mashindano ya ng'ambo, na mbio zake zingeonyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni, Jumamosi mchana. Fahari ilimjaa Baba mpaka ikamwagika. Mtu aliyekuja kupunguza suruali aliondoka akijua namna Dada anavyopumua, viatu anavyovaa na jina la utani la kocha wake. Mama, aliyeshona matundu ya vifungo kwenye cherehani ya pili, alimwomba mumewe aache kuwachosha watu. Halafu yeye mwenyewe aliwasimulia upya, tena kwa kirefu zaidi.

Lakini mwenye Dada hasa alikuwa Bibi, mama mzazi wa Baba. Ndiye aliyemlea Dada wakati Baba na Mama wakihangaika kupata cherehani ya kwanza. Ndiye aliyemwamsha alfajiri akakimbie, kisha akakaa mlangoni kumngoja arudi. Hata sasa kiti chake kilikuwa palepale sebuleni, ubavuni mwa mlango ulioachwa wazi mchana kutwa, ili wapita njia wamwamkie na yeye ajue nani katoka na nani karudi. Watu wote wa nyumba walilijua hilo. Unaweza kusogeza meza, kabati, hata ukuta kama una ubavu huo, lakini kiti cha Bibi hakisogezwi.

Tabu ilikuwa televisheni ya zamani. Skrini yake haikuzidi trei ya chai, na wakimbiaji walionekana humo kama sisimizi wanaokimbizana. Baba akasema haiwezekani mtoto wake akimbie mbele ya dunia nzima halafu bibi aliyemlea ashindwe kumwona. Atanunua televisheni kubwa.

Siku hizo televisheni nyembamba za kutundika ukutani zilikuwa hazijaenea. Aliyetaka picha kubwa nyumbani kwake alinunua televisheni ya kumulika kwa nyuma, ambayo wengi waliiita televisheni ya kabati. Na kweli lilikuwa kabati. Ndani yake mlikuwa na taa kali, lenzi na kioo kilichoinamishwa. Picha ndogo ilipita kwenye lenzi ikakua, ikagonga kioo, nacho kikaitupa upande wa nyuma wa skrini, na waliokaa mbele wakaiona.

Baba na Mama walikuwa wamezama katika kushona sare za shule nzima, hawana hata nafasi ya kujikuna. Ndipo Baba alipomgeukia bintiye.

"Kitinda, wewe huona pini ambayo mimi nimeshaikanyaga," alisema. "Nenda kwa yule muuzaji wa barabara kuu, uangalie taratibu, uje uniambie tuchukue ipi. Mimi nitakuja kulipa tu."

Kitinda aliona kama amekua ghafla. Katika nyumba ile yenye watu wazima wanne, yeye ndiye aliyekabidhiwa uchaguzi.

Alikwenda na rafiki yake wa darasani, msichana aliyebandikwa jina la Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Muuzaji, mtu mchangamfu mwenye tai fupi, aliwapeleka chumba cha nyuma. Mapazia mazito yalikuwa yamefungwa. Katikati palikuwa na kiti kimoja laini, na mbele yake televisheni mbili za kabati, moja ya kiasi na nyingine pana kuliko kitanda cha Kitinda. Muuzaji aliwasha ile pana. Mwimbaji fulani akafumbua kinywa, na kinywa chenyewe kikawa kikubwa hata Redio akarudi nyuma hatua moja. Kisha Redio akanyamaza, jambo ambalo mwalimu wao alikuwa amelitafuta tangu muhula uanze.

Kitinda alisimama mbele ya skrini ile. Aliuliza swali moja tu, kama hiyo ndiyo kubwa kuliko zote.

"Kuliko zote mjini," Muuzaji akajibu. Akaongeza kwamba bei yake haipishani sana na ya ile nyingine, kwa kuwa ni ya toleo la nyuma kidogo.

Kitinda hakutaka kusikia zaidi. Jioni ile alimwambia Baba kwamba amechagua, na Baba akasema atakwenda kulipa atakapopata nafasi. Kesho yake Redio alikuwa ameshatangaza. Kabla ya mapumziko shule nzima ilijua kwamba nyumbani kwa fundi kunaletwa televisheni kubwa kuliko zote mjini. Watoto ambao hawajawahi kumsalimu Kitinda walimsalimu. Kiranja wa darasa, mwenye maringo yasiyo na mfano, aliuliza kama anaweza kuja kutazama mbio. Kitinda alimjibu kwamba atafikiria. Akatembea kwa madaha siku nzima, na tusimlaumu sana, maana heshima ni tamu hata kwa watu wazima.

Siku moja kabla ya Baba kwenda kulipa, alikuja kijana aliyekuwa akishonewa suti ya harusi. Aliivaa, akasimama mbele ya kioo, akajigeuza huku na huku. Suti ilimkaa vizuri sana. Akataka ifungwe kwenye mfuko aende zake, kwa sababu ana haraka. Baba akanyoosha kidole kwenye kigoda. Bwana harusi akacheka, akakaa, na kicheko kikakatika hapohapo. Suruali ilikuwa imembana mapajani mpaka akashindwa kuvuta pumzi sawasawa.

Baba alimweleza kwa upole kwamba harusini atakaa muda mrefu kuliko atakavyosimama. Mteja alipoivua ile suruali, Baba akaichukua, akaanza kufumua mshono alioushona kwa mikono yake mwenyewe. Hakuona aibu hata kidogo.

Kitinda alikuwa sakafuni na sumaku yake. Mkono ukasimama. Ile televisheni aliitazama vipi? Aliitazama akiwa amesimama, katikati kabisa, gizani. Na nyumbani kwao je? Nyumbani mlango uko wazi, jua la mchana linaingia mpaka kwenye kabati la vyombo, na atakayeitazama atakuwa amekaa ubavuni. Tena atakayeitazama si yeye. Nguo ni ya Bibi, lakini aliyejipima mbele ya kioo ni Kitinda.

Angeweza kunyamaza. Baba alishamwamini, na kesho yake kabati lingefika, watoto wangejaa dirishani, na kiranja angeomba nafasi. Akiibadilisha, atamwambia nini Redio, na Redio atawaambia nini watu? Aliwaza hivyo huku akiokota pini moja mara mbili. Mwishowe akasimama.

"Baba, sijamaliza kuchagua."

Baba alimtazama, uzi ukiwa bado midomoni. "Si ulisema umemaliza?"

"Niliijaribu kwa kusimama tu."

Fundi akautoa uzi mdomoni. Usoni kwake kukaonekana kitu ambacho Kitinda alikizoea pale mteja mkubwa anaposifia kazi.

"Basi nenda ukaikalishe," alisema. "Na mwenye nguo yake uende naye."

Redio aliposikia hayo alimcheka mpaka akashika ukuta. Alimkumbusha kwamba mchagua nazi hupata koroma, na kwamba yeye ameshatangaza, sasa atafutaje matangazo? Lakini alifuatana nao, kwa sababu udaku haukumruhusu kubaki.

Bibi alivaa gauni lake la kutokea, akatembea polepole akiwa amemshika Kitinda bega. Dukani, Muuzaji alimkaribisha kwenye kile kiti laini cha katikati. Kitinda akaomba samahani, akakiburuta kiti mpaka upande, karibu na ukuta, kwa umbali na mkao uleule wa nyumbani. Kisha akaomba mapazia yafunguliwe.

"Binti, nikifungua pazia picha haitapendeza," Muuzaji akasema.

"Nyumbani kwetu mlango haufungwi mchana," Kitinda akamjibu kwa adabu.

Muuzaji alikuna kichwa, akafungua. Mwanga ukaingia, na picha ya ile televisheni pana ikapauka kama shati lililofuliwa miaka mingi. Kwa yule aliyekaa ubavuni giza lilizidi, watu wa kwenye skrini wakawa vivuli.

"Nzuri," Bibi akasema. "Ni kubwa kweli. Mwambie baba yako alipe, twende zetu."

Redio alimtazama Kitinda kwa jicho la kusema umeona sasa. Kitinda naye nusura ashukuru na kuondoka. Lakini hakuwa amemwuliza Bibi kama inapendeza, alitaka kujua kama anaona. Alimwomba Muuzaji apunguze sauti hadi isisikike. Kwenye skrini palikuwa na watu wawili wanaongea, mmoja mwanamume.

"Bibi, yule bwana amevaa nini?"

"Koti."

"La rangi gani?"

"Rangi nzuri tu," Bibi akajibu haraka, mikono ikianza kunyoosha pindo la gauni ambalo halikuwa na kasoro.

Kitinda alipiga magoti mbele yake, akashusha sauti. Alimwambia kwamba hamtahini, wala hakuna atakayemcheka. Lakini Bibi asipompa jibu la kweli, atamchagulia kitu kisichomfaa.

Bibi alikuwa mwanamke aliyejitegemea maisha yake yote, na kukiri upungufu wake kulimwia vigumu.

"Naona mwanga, mjukuu wangu," hatimaye alisema. "Watu siwaoni."

"Na kwenye ile ya nyumbani?"

"Ile ndiyo kabisa. Mkicheka, nami nacheka. Baba yenu ana kazi nyingi, sikutaka kumwongezea mzigo."

Kitinda alikumbuka jioni zote walizokaa pamoja, Bibi akitikisa kichwa na kuitikia kila kinachoonyeshwa. Akamwuliza Jumamosi angefanya nini.

"Ningepiga makofi mkipiga," Bibi akasema.

Kitinda alitaka kulia, akaona kulia hakutamsaidia Bibi kuona. Akamfuta Bibi chozi lililokuwa likimteleza shavuni, kisha akamwomba Muuzaji azime ile pana na kuwasha ile ya kiasi. Mapazia yabaki wazi, na kiti kisiguswe.

Picha ikatokea. Ilikuwa ndogo kuliko ile ya kwanza, lakini iling'aa, na hata kutoka ubavuni rangi zilisimama. Bibi aliinama mbele. Akakunja macho, akayakunjua. Walimngoja.

"Yule bwana," alisema polepole, "nani alimshonea lile koti? Bega moja limepanda."

Wote wakageukia skrini. Kweli, bega la kushoto lilikuwa limepanda. Muuzaji alikuwa amemwona mtu yule kila siku bila kuliona bega hilo. Redio akacheka, safari hii si kwa dhihaka, na Bibi akacheka kabla yake.

Muuzaji aliwaeleza sababu. Taa ya ndani ikilazimika kujaza skrini pana, mwanga hupungua, kama sukari ileile ukiitia katika birika kubwa zaidi. Isitoshe, skrini ya ile ya kiasi ilitengenezwa ili itawanye mwanga mpaka pembeni. Alikiri kwamba wateja wote hukaa kwenye kiti cha katikati, nao hununua walichokipenda wakiwa hapo. Hakuna aliyewahi kumwambia afungue pazia. Akasema kuanzia siku hiyo atawafungulia mwenyewe.

Walipofika nyumbani, Bibi hakumwachia mjukuu wake mzigo wa kusema. Alimweleza Baba yeye mwenyewe, mbele ya wateja, akiwa wima. Baba alisimamisha cherehani, na kwa muda mrefu haikulia. Kesho yake Mama alimpeleka Bibi hospitali ya macho. Daktari aligundua mtoto wa jicho, tena katika macho yote mawili. Alisema ugonjwa huo unatibika kwa upasuaji mdogo, akampangia tarehe baada ya mashindano. Pia alimgombeza kidogo kwa kukaa nao kimya, akamkumbusha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

"Ndiyo maana nimekuja mapema, kabla hakijaniumbua," Bibi akamjibu, na daktari akashindwa kujizuia kucheka.

Shuleni, kiranja aliuliza iko wapi ile kubwa kuliko zote. Kitinda alijibu kwamba iko dukani, na ya kwao ni ya kiasi. Wengine wakaguna, mmoja akasema alijua tu kwamba ni maneno matupu. Kitinda alisikia uso ukimwaka, lakini hakuinamisha kichwa. Ndipo Redio alipoingilia. Alisimulia habari yote ya dukani, pazia, koti na bega, akaitilia chumvi kidogo kama kawaida yake, na aliposema Bibi alikuwa akicheka tu watu wakicheka, waliokuwa wakiguna wakaacha.

Jumamosi sebule ilijaa. Wateja walikuja na watoto wao, Redio alifika wa kwanza, na bwana harusi alikuja na mke wake, amevaa suruali inayokalika. Mlango ulikuwa wazi, jua limeingia mpaka kwenye kabati la vyombo. Televisheni mpya ilisimama kando ya ukuta, imegeuzwa kidogo kuelekea kiti cha Bibi, na Bibi alikuwa kwenye kiti chake.

Wakimbiaji walipojipanga, sebule nzima ilianza kuulizana Dada yuko wapi, maana walivaa fulana zilizofanana fanana. Bibi alinyoosha kidole kabla mtangazaji hajataja jina. Bastola ikalia. Mzunguko wa kwanza Dada alikuwa katikati ya kundi, wa pili akasukumwa nyuma. Baba alishika kichwa. Mama aliacha kutazama, akageukia dirisha. Watu wakaanza kusema si neno, kufika huko kwenyewe ni ushindi.

"Subirini," Bibi akasema. "Bado anatazama chini. Huyo huwa hajaanza mpaka ainue kidevu. Nimemngoja mlangoni miaka mingi, namjua."

Wakatazama kidevu cha Dada. Hakuna aliyewahi kukifikiria kidevu hicho. Kengele ya mzunguko wa mwisho ililia, na Dada bado alikuwa nyuma, kichwa kimeinama. Kitinda hakutazama skrini. Alimtazama Bibi, ambaye macho yake yalikuwa yamekaza, midomo imefungwa.

"Kakiinua," Bibi akasema.

Alisema kwa sauti ndogo, naye alikuwa peke yake aliyeona. Kisha wengine nao wakaona. Dada alimpita mmoja, akampita mwingine, akaingia kwenye kona ya mwisho na watu wawili tu mbele yake. Sebule ikasimama, isipokuwa Bibi, ambaye aliwaamuru walio mbele yake wakae wasimzibe. Dada alimpita mmoja tena, akavuka mstari akiwa wa pili katika dunia nzima. Mama alimkumbatia Baba, na Baba akalia waziwazi mbele ya wateja wake, tena bila kujifuta.

Kelele zilipopungua, jirani mmoja aliyekuwa amesimama nyuma alisifia ushindi, kisha akasema ingekuwa tamu zaidi kwenye ile televisheni pana aliyoiona dukani. Baba alimweka Kitinda mkono kichwani.

"Ile ingekupendeza wewe mgeni, ukaondoka," alimwambia, lakini aliwatazama watoto. "Wanangu, kitu cha nyumbani hakichaguliwi kwa macho ya wapita njia. Muulize atakayekitumia, na ukishamwuliza, ngoja jibu la kweli, hata kama linachelewa. Na ukiona umekosea, fumua ungali na uzi. Mimi nilifikiri namnunulia mama yangu televisheni. Mtoto huyu ndiye aliyejua kwamba haoni."

Kitinda hakujua aangalie wapi. Hajawahi kusifiwa mbele ya watu wengi namna ile, na fahari aliyoisikia ilikuwa nzito, tofauti na ile ya kusalimiwa shuleni. Alikwenda kukaa sakafuni karibu na kiti cha mlangoni.

Bibi hakuwa na wakati wa kupongezwa. Nje, mwuza mkaa alikuwa akipita na mkokoteni wake, akamwamkia kama kawaida. Bibi alimwita asimame, akamwuliza kama ameona mbio. Mwuza mkaa akasema hana televisheni, hakuona.

"Basi weka mkokoteni chini," Bibi akamwambia, "nikusimulie nilivyoona mimi."